Wawili Wawili Mlangoni: Vijana wa Kimormoni na Somo la Kuwajibika

Mazungumzo ya leo yanahusu uongozi, na yanaanzia barabarani.

Tarehe 16 Juni 1968, katika kijiji cha Bernos-Beaulac kusini-magharibi mwa Ufaransa, gari lililojaa abiria liligongana uso kwa uso na gari lililotoka upande wa pili. Kwenye usukani alikuwa kijana wa Kimarekani mwenye miaka 21. Aliumia kiasi kwamba askari aliyefika pale alimhesabu miongoni mwa waliokufa. Aliyefariki ni mama mmoja aitwaye Leola Anderson. Mumewe, H. Duane Anderson, alinusurika na majeraha mabaya. Huyo ndiye aliyekuwa rais wa misheni ya Wamormoni nchini Ufaransa, yaani mkuu wa wamisionari wa misheni hiyo. Na dereva ni Mitt Romney, aliyekuja kuwa gavana wa Massachusetts, mgombea urais wa Marekani mwaka 2012, kisha seneta wa Utah.

Rais wa misheni alirudi kwao, mjane na mgonjwa. Ufaransa yenyewe ilikuwa bado inatetemeka. Mwezi Mei mamilioni ya wafanyakazi walikuwa wamegoma, treni zikasimama, posta ikalala, petroli ikaadimika. Wamisionari wenye miaka 19 au 20 walikuwa wametawanyika kwenye miji ya mbali, wamevunjika moyo. Kazi ya kuwashika pamoja iliwaangukia wasaidizi wawili wa rais: Romney, ambaye majeraha yake yalikuwa mabichi, na mwenzake Joel McKinnon. Wawili hao waliiendesha misheni mpaka alipofika rais mpya. Mwaka ulipokwisha, lengo la ubatizo 200 lililokuwa limewekwa mapema lilikuwa limetimia, na misheni hiyo haikuwa imefikia idadi kama hiyo kwa miaka kumi hivi.

Wapo watakaosema kwamba Romney alikuwa mtoto wa gavana, uongozi alizaliwa nao. Ni kweli, baba yake, George Romney, alikuwa gavana wa Michigan, na mwenyewe aliwahi kuhubiri Uingereza akiwa mmisionari kijana katika miaka ya 1920. Lakini jina la baba halikuwa na uzito kwenye ngazi za magorofa ya Le Havre na Bordeaux, ambako Wafaransa wengi walikuwa na hasira na vita vya Vietnam na walimfungia mlango Mmarekani kabla hajamaliza salamu. Kilichomwandaa yeye na mwenzake kushika misheni nzima ni utaratibu ambao kila mmisionari wa kanisa hilo hupitia, awe mtoto wa tajiri au wa mkulima. Utaratibu huo una mambo ambayo kila anayelea vijana, awe wa dini yoyote, atafaidika kuyajua. Una pia kasoro zake, nazo zitatajwa.

Tuanze na kanisa lenyewe. Jina kamili la kanisa hilo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Liliasisiwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, likaanza kutuma wahubiri mwaka huo huo, na kufikia 1837 lilikuwa limevuka bahari hadi mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza. Leo lina wamisionari zaidi ya 70,000 duniani. Wengi wao ni vijana wanaotoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Wa kiume hutumikia miezi 24, wa kike miezi 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa: wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, wasichana kutoka 21 hadi 19.

Hawalipwi mshahara. Wao na familia zao ndio wanaochangia. Kijana wa Kimarekani huchangia dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, kutoka dola 400 za awali, na kiasi ni kile kile awe ametumwa Tokyo au Kinshasa. Wanaotoka nchi zenye kipato kidogo hutoa kadiri ya uwezo, na pengo huzibwa na michango ya waumini wengine. Kijana hachagui pa kwenda wala lugha ya kujifunza. Anaweza kuomba akiwa Eldoret akapangiwa Uganda, au akaomba akiwa Utah akapangiwa Lubumbashi na kutakiwa kuanza Kifaransa.

Akishafika, hakai peke yake hata siku moja. Hupewa mwenza, naye ndiye mwanzo wa yote. Wawili hao huishi chumba kimoja, hutembea pamoja, hufundisha pamoja, na kanuni inawataka kila mmoja awe mahali ambapo mwenzake anaweza kumwona na kumsikia. Huamka, kwa desturi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na taa huzimwa saa nne na nusu usiku. Mwenza wa kwanza ni mkufunzi, mara nyingi kijana aliyemtangulia kwa miezi michache tu. Kila baada ya wiki sita hivi rais wa misheni hupanga uhamisho, na mtu anaweza kupewa mwenza mpya na mji mpya kwa mpigo.

Juu ya wenza hao kuna kiongozi wa wilaya, anayesimamia jozi chache. Juu yake kuna viongozi wa kanda. Kwa upande wa wasichana, tangu 2013 kuna dada viongozi wanaowafunza na kuwatembelea wenzao. Juu kabisa wapo wasaidizi wa rais, kisha rais mwenyewe na mkewe. Ukimwondoa rais na mkewe, ngazi zote hizo zimeshikwa na vijana. Mwenye miaka 20 anaweza kujikuta anawajibika kwa usalama, afya na mwenendo wa wenzake zaidi ya ishirini katika nchi ambayo mwaka mmoja nyuma hakuijua hata kwenye ramani.

Cheo, hata hivyo, si jambo geni. Hata gereza lina manyapara. Kinachofaa kutazamwa kwa karibu ni namna vijana hawa wanavyotoa hesabu ya kazi yao.

Mara moja kwa wiki wenza huketi kupanga wiki inayofuata. Mezani kuna kalenda na majina ya watu wanaofundishwa. Wanalijadili jina moja moja: huyu mama alisema mumewe hataki, tumpe nafasi, huyu kijana aliahidi kuja Jumapili hakuja, nani atampitia? Mipango ikishakamilika, mwongozo wao, uitwao Hubiri Injili Yangu, unawataka wafanye jambo gumu kuliko kugonga mlango wa mtu msiyefahamiana. Wanatakiwa kutathmini uhusiano wao wenyewe. Kila mmoja hueleza anachoona kinakwenda vizuri na kinachomkwaza, na humuuliza mwenzake ajirekebishe wapi. Hapo ndipo mtu husikia kwamba anakatiza maneno ya mwenzake wakifundisha, au kwamba vyombo havioshi, au kwamba tangu alipopata habari ya ugonjwa wa bibi yake amekuwa kimya na mwenzake hajui aanzie wapi. Hawezi kutoka nje akabamiza mlango, maana aliyemwambia ndiye atakayetembea naye kesho, keshokutwa na mtondo.

Wakuu wengi wa ofisi zetu hustaafu bila kuambiwa ukweli ana kwa ana na mtu wa hadhi sawa na yao, tena kwa upole. Kijana huyu huambiwa kila wiki, na kila wiki hulazimika kumwambia mwingine. Hujifunza kusema kosa bila kumvunjia mtu heshima, na kulisikia bila kununa. Uwajibikaji unaoanzia juu, wa bosi kumkagua mdogo, una mwanya mmoja: bosi anaweza kudanganywa. Mwenza hadanganyiki, kwa sababu alikuwepo.

Jumatatu, ambayo kwa wengi ni siku ya maandalizi, ya kufua na kununua chakula, kila mmisionari humwandikia rais wake moja kwa moja. Barua hiyo haipitii kwa kiongozi wa wilaya wala wa kanda. Rais naye hukutana na kila mmoja faraghani mara kwa mara. Kwa hiyo kiongozi kijana anayewaonea wenzake hawezi kuikalia habari hiyo kwa muda mrefu, kwa kuwa walio chini yake wana njia yao ya kufika juu. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa pia kuongea na familia zao kila wiki kwa simu au video. Kabla ya hapo walipiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Mabadiliko hayo ni makubwa, kwa maana mzazi akisikia sauti ya mwanawe hutambua mengi ambayo taarifa rasmi haiyasemi.

Kuna kitu kingine cha kutazamwa kwa karibu: daftari la eneo. Kwa miongo mingi lilikuwa jalada nene la karatasi, lililoachwa nyumbani kwa wamisionari katika kila mji. Siku hizi limehamia kwenye programu ya simu, lakini kazi yake haijabadilika. Kila mtu anayefundishwa ana ukurasa wake: jina, mahali anapoishi, siku walipokutana, walichozungumza, alichouliza, ahadi aliyotoa, ahadi aliyopewa. Uhamisho ukija, mmisionari anaweza kuondoka akiwa na notisi ya siku chache tu. Anayeingia hulifungua daftari na kukuta kwamba mzee wa nyumba ya tatu asisumbuliwe mchana kwa kuwa ni mlinzi wa usiku, na kwamba dada wa dukani aliahidiwa kusaidiwa kuhamisha vitu Jumamosi. Ahadi iliyotolewa na aliyeondoka inamfunga aliyekuja.

Wasikilizaji wanaofanya kazi za umma wanajua makabidhiano ya ofisi yalivyo katika nchi zetu. Mkuu mpya anapokea ufunguo, meza na faili tatu zisizo na kichwa wala miguu. Mradi ulioahidiwa wananchi unakufa na uhamisho wa aliyeuahidi. Mmisionari hufundishwa tangu miezi yake ya kwanza kuandika kwa ajili ya mtu atakayekuja baada yake, ambaye pengine hatamwona maishani. Asipoandika, anayeumia ni dada wa dukani, atakayesubiri Jumamosi wageni wasiotokea.

Zaidi ya hayo kuna ukaguzi. Mtu anapotaka kubatizwa, waliomfundisha hawaruhusiwi kumsaili wao wenyewe. Kiongozi wa wilaya ndiye hukaa naye faraghani na kumuuliza kama ameelewa na kama amekubali kwa hiari yake. Kiongozi huyo akiwa ndiye aliyemfundisha, kazi hiyo huhamia kwa kiongozi wa kanda. Mhasibu yeyote ataitambua kanuni hiyo: anayeshika fedha si yeye anayekagua vitabu.

Sasa tuje kwenye kasoro, kwa maana utaratibu mzuri kwenye karatasi uliwahi kuharibika vibaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, misheni ya Uingereza ilishikwa na homa ya takwimu. Malengo ya ubatizo yalipanda, na sifa zikaenda kwa wenye idadi kubwa. Vijana wa Kimarekani wakagundua njia ya mkato: wakaanzisha timu za besiboli kwa watoto wa mitaani, na kubatizwa kukafanywa kama sehemu ya kujiunga na timu. Watoto wengi hawakuelewa kwamba walikuwa wameingizwa kanisani. Walicheza, wakazamishwa majini, wakaandikwa kwenye orodha, na Jumapili hawakuonekana. Mwanahistoria D. Michael Quinn, ambaye mwenyewe alikuwa mmisionari Uingereza katika miaka ya 1960, amekiandika kisa hicho kwa kirefu. Wazee wa kanisa hilo wanakikumbuka kwa jina la ubatizo wa besiboli.

Je, wasaili walikuwa wapi? Wenza, viongozi wa wilaya, viongozi wa kanda? Mnyororo mzima ulipokuwa unakimbizana na lengo moja, ukaguzi uligeuka mhuri tu. Kila ngazi ilipeleka juu habari njema, na juu walizipokea kwa furaha. Hesabu zilikuwa zinatolewa kila wiki bila kukosa. Hakuna aliyekosa kuripoti, na bado hakuna aliyewajibika kwa mtoto hata mmoja.

Usafishaji ulikuja na rais mwingine wa misheni, Marion D. Hanks, aliyefika mwaka 1962. Alikata homa ya idadi. Wamisionari waliofuata walipewa kazi ambayo haikuwa na sifa yoyote: kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta watoto wale, kuongea na wazazi wao, na kuwaondoa kwenye vitabu waliokuwa wameandikwa bila kuelewa. Kijana aliyetumwa kuvuna alikuta anapunguza orodha iliyojazwa na waliomtangulia. Ni kazi ya unyenyekevu, na kwa uongozi ina thamani kuliko ubatizo mia.

Aliyekuja kuieleza vizuri tofauti kati ya idadi na mtu kwa lugha ya wafanyabiashara ni Clayton Christensen. Alikuwa mmisionari Korea Kusini kuanzia 1971 hadi 1973, akajua Kikorea, kisha akawa profesa wa shule ya biashara ya Harvard na mwandishi wa The Innovator's Dilemma, kitabu cha mwaka 1997 kilichobadili namna makampuni yanavyofikiri kuhusu uvumbuzi. Mwaka 2010, akiwa ametoka kupambana na saratani, alizungumza na wahitimu wa Harvard kuhusu kipimo cha maisha. Aliwaeleza kwamba yeye aliamini Mungu hatampima kwa dola wala kwa vyeo, bali kwa mtu mmoja mmoja ambaye maisha yake aliyagusa. Profesa huyo, aliyeishi kwa takwimu za makampuni, alifariki Januari 2020.

Mwingine ni David Neeleman. Alizaliwa Brazil, akakulia Utah, na akiwa kijana alirudi Brazil kama mmisionari. Huko aliingia nyumba za maskini kwa miguu yake, na ameeleza mara nyingi kwamba pengo aliloliona kati ya matajiri na maskini lilimwondolea hamu ya kuwatenganisha watu kwa madaraja. Alipoanzisha shirika la ndege la JetBlue, lililoanza kuruka Februari 2000, ndege zake hazikuwa na daraja la kwanza. Akiwa mkurugenzi mkuu, alizoea kupanda ndege za shirika lake, kugawa vitafunio pamoja na wahudumu na kuokota takataka baada ya kutua.

Tarehe 14 Februari 2007 dhoruba ya barafu iliikumba New York. Abiria wa JetBlue walikwama ndani ya ndege zilizosimama uwanjani, baadhi yao kwa takriban saa kumi. Siku zilizofuata safari zaidi ya 1,000 zilifutwa. Wakurugenzi wengi wangeilaumu hali ya hewa, na dhoruba kweli ilikuwepo. Neeleman alijitokeza kwenye televisheni, magazetini na kwenye video, akasema shirika lake limeshindwa, akaomba radhi, na akatangaza haki za abiria zilizoandikwa pamoja na fidia kulingana na muda wa kucheleweshwa. Mwezi Mei mwaka huo bodi ilimwondoa kwenye ukurugenzi mkuu. Mwaka uliofuata alikuwa Brazil anaanzisha shirika jingine, Azul.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba misheni ndiyo iliyomfanya aombe radhi. Wapo wamisionari wengi waliorudi na kuwa viongozi wabovu, na wapo wakurugenzi waungwana ambao hawajawahi kugonga mlango wa mtu. Lakini kijana aliyezoea kuambiwa makosa yake kila wiki na mtu anayelala kitanda cha pili amefanya mazoezi ambayo wengi wetu hatujafanya.

Sasa tugeukie Afrika, ambako kanisa lenyewe limetakiwa kutoa hesabu.

Kuanzia 1852, wanaume weusi hawakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Zuio hilo lilidumu hadi Juni 1978. Miezi michache baadaye, Novemba 1978, wamisionari wa kwanza walitua Nigeria, kisha wakafika Ghana: Rendell na Rachel Mabey, Edwin na Janath Cannon, watu wazima wenye umri wa kuwa na wajukuu. Walikuta makundi ya Waafrika waliokuwa wakisali kwa jina la kanisa hilo kwa miaka mingi, bila kutambuliwa. Ilichukua hadi Desemba 2013 kwa kanisa kuchapisha maelezo marefu ya historia hiyo na kuzikana nadharia zilizotumika zamani kuhalalisha ubaguzi. Maelezo hayo hayana ombi la msamaha. Mmisionari mweusi anapoulizwa mlangoni kuhusu jambo hilo, na huulizwa, hana budi kusimama mbele ya swali ambalo halikutokana na kosa lake. Taasisi inayomfundisha kijana kukiri kwa mwenza wake kila wiki inapaswa kukiri kwa sauti ile ile inayoidai kwake. Wanaoipenda ndio wenye haki ya kwanza ya kuidai hivyo.

Ghana ndiko uongozi uliofundishwa ulikojaribiwa kwa moto. Tarehe 14 Juni 1989 serikali ilipiga marufuku shughuli za kanisa hilo. Wamisionari wa kigeni walipewa wiki moja kuondoka, na makanisa yakafungwa. Waumini walibaki na nyumba zao. Daktari Emmanuel Abu Kissi, bingwa wa upasuaji aliyejiunga na kanisa akiwa masomoni Uingereza kisha akarudi kwao, ndiye aliyebebeshwa usimamizi. Watu walikutana familia kwa familia sebuleni. Baadhi ya waumini waliwekwa mahabusu. Marufuku ilipoondolewa Novemba 1990, baada ya takriban miezi 18, wageni waliorejea walikuta kanisa lililo hai, na linaongozwa na Waghana.

Kisa hicho ni mtihani ambao kila mmisionari wa ng'ambo angepaswa kujipa: nikiambiwa niondoke baada ya wiki moja, nitamwachia nani, na ataweza? Aliyekusanya wafuasi wa kwake huondoka nao. Aliyeandika vizuri, akawapa wenyeji kazi na kuwaacha waifanye hata kama wanaifanya polepole kuliko yeye, huondoka peke yake.

Kwetu Afrika Mashariki, kanisa hilo lilipata usajili Kenya Februari 1991, na misheni ya Nairobi ikafunguliwa Julai mwaka huo. Miongoni mwa waliokuwa mstari wa mbele ni Joseph Sitati, mhandisi kutoka Bungoma aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye yeye na mkewe Gladys waliongoza misheni ya Calabar nchini Nigeria, naye mwaka 2009 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika uongozi mkuu wa kanisa hilo. Kitabu cha Mormoni kimekuwepo kwa Kiswahili tangu mwaka 2000. Mmisionari anayegonga mlango Mombasa au Lubumbashi leo ana uwezekano mkubwa wa kuwa Mwafrika, pengine Mkongo au Mganda, naye pia yuko ugenini, anahesabu siku za kuzungumza na mama yake.

Limebaki jambo moja, nalo kwa bara letu lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Katika misheni hakuna anayekaa na cheo. Rais wa misheni, ambaye anaweza kuwa daktari, mwalimu au mwenye kampuni aliyeacha kazi zake, hutumikia miaka mitatu, naye anaijua tarehe ya kuondoka tangu siku ya kuingia. Msaidizi wa rais, kijana aliyekuwa akihutubia mkutano mzima wa wamisionari, huweza kurudishwa mtaani kuwa mwenza wa kawaida wiki zake za mwisho, akapangwa na mgeni aliyeshuka ndege juzi. Kurudi chini si adhabu, na wenzake hawaulizi amekosa nini. Kijana anayepitia hayo akiwa na miaka 20 amejua mapema kwamba anaweza kuacha madaraka, akaamka kesho yake na kazi ya kufanya.

Akimaliza, hurudi nyumbani na kusimama mbele ya waumini waliomchangia, akaeleza alichofanya. Kisha hupewa kazi nyingine, nayo haina mshahara, kwa sababu matawi ya kanisa hilo huendeshwa na watu wanaojitolea. Wengine huanza na ukarani. Jumapili, ibada ikiisha, bahasha za sadaka na zaka hufunguliwa na watu wawili, huhesabiwa na wawili, na wote wawili hutia saini. Mmoja akiwa hayupo, hazifunguliwi.

Vikundi vyetu vya akiba, vyama vya vijana, kwaya, kamati za misikiti na za makanisa vinaweza kuanza na mambo matatu haya bila kuomba ruhusa wala bajeti: watu wawili kwenye kila jambo la fedha, daftari la makabidhiano linalotaja watu kwa majina pamoja na ahadi walizopewa, na tarehe ya kutoka madarakani inayoandikwa siku ile ile ya kuchaguliwa. Mweka hazina atakayekataa la kwanza aulizwe sababu mbele ya wanachama, kwenye mkutano huu ujao.